Watoto watatu, elfu sitini, Jumapili moja: hapa Mbeya twende wapi?

MamaWatatu_Nzovwe

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo, na naomba yatoke kwa watu wenye watoto. Mabachela wa kutafuta picha za status mtanisamehe.

Tunakaa Nzovwe. Baba watoto ni fundi gereji pale Mafiati, siku yake ya kupumzika ni Jumapili peke yake. Shule zimefungwa. Wa kwanza yuko darasa la pili, wa kati ana miaka minne, wa mwisho ana mwaka na nusu na mguu ndio kwanza anaufungua, kwa hiyo nusu ya safari atakuwa mgongoni kwangu. Huyu wa darasa la pili ndiye chanzo cha yote. Anayekaa naye dawati moja kasafiri Dar, naye anataka shule ikifunguliwa awe na la kusimulia. Baba yake akaahidi siku hiyo hiyo, ukumbi mzima ukisikia, halafu kazi ya kutafuta pa kwenda ikaniangukia mimi.

Bajeti elfu sitini, nauli na chakula humo humo. Gari hatuna. Chakula naweza kupika nikabeba, hilo halinisumbui.

Bustani za bembea sitaki kuzisikia. Mwaka jana tulikwenda sehemu moja hapa mjini, jina naliacha. Getini kiingilio kidogo, mkafurahi. Ndani kila kitu na tiketi yake: bembea tiketi, kigari cha umeme tiketi, lile jumba la upepo la kurukia tiketi. Chakula cha kutoka nyumbani hakiingii, na chipsi zao bei ya harusi. Sasa mtoto wa miaka mitatu utamwelezaje kwamba hela imeisha, wakati mwenzake anaruka mbele ya macho yake? Kilio kilianzia Kabwe, daladala nzima inatuangalia, hadi tunashuka.

Kwa hiyo nataka mahali wakaone kitu cha kweli, wakiguse ikiwezekana, na tuwe nyumbani kabla jua halijazama. Baridi ya mwezi huu mnaijua. Nawasilisha.

Kijana_wa_Loleza

Dada usiumize kichwa, nendeni Ziwa Ngosi. Mnashuka Mchangani, mnapandisha msituni, mkifika juu ziwa liko chini yenu la kijani. Hutajuta.

BintiMwakyusa

Wewe Loleza, ile njia umewahi kuipanda na mtoto mgongoni? Ulishawahi hata kuipanda na begi zito? Mizizi, matope, mianzi inakuchapa usoni, na pale mwisho unapanda kwa mikono na magoti. Ukifika juu unasimama kwenye ukingo, ziwa liko chini kabisa, na mtoto wa miaka minne ndipo anapoamua kukimbia. Ngosi ni pazuri sana, sikatai. Dada ataenda wa mwisho akifika darasa la nne.

Msafiri_Makete

Hifadhi ya Kitulo! Bustani ya Mungu. Mnakatia Isyonje, mnapandisha. Maua mpaka mwisho wa macho.

BintiMwakyusa

Maua ya Kitulo ni ya msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Mwezi huu atakuta nyasi kavu na jalidi asubuhi. Mnampoteza mwenzenu jamani.

Suka_Mstaafu

Mama wa Nzovwe, shikamoo naipokea kabla hujaniamkia, umri unaniruhusu. Nimeendesha Kosta ya Mbeya–Kyela mpaka macho yaliponiambia mzee teremka. Watoto wa kila namna nimewabeba, wanaotapika, wanaoimba, wanaouliza "tumefika?" tangu tunatoka stendi. Nisikilize kidogo.

Mtoto wa miaka minne haendi kuona ziwa wala mlima. Muulize jioni kaona nini, atakwambia kaona ng'ombe kalala barabarani, na konda alikuwa na mzula mwekundu. Kwa hiyo mimi ningekuchagulia barabara kwanza, mahali baadaye. Na barabara ya kumpandisha mtoto ni ya Tukuyu.

Asubuhi na mapema chukueni daladala mpaka Stendi ya Nane Nane. Haisi na Kosta za Tukuyu na Kyela zinapakia pale. Jumapili abiria wengi wako kanisani, gari linachelewa kujaa, kwa hiyo usipande lililo tupu hata konda akikuapia kwamba linatoka sasa hivi. Angalia lililobakiza siti chache. Kaeni upande wa mlango, yaani kushoto, maana Mlima Rungwe utakuwa huko. Ukiwa hauna wingu wataona mlima wa karibu mita 3,000 umewasimamia dirishani. Ukiwa na wingu, wataona wingu, nalo kwa mtoto wa Nzovwe si haba. Mdogo mpakate. Wa darasa la pili mlipie siti yake. Huyu wa miaka minne konda atakwambia mpakateni, lakini ukimpakata mpaka Kiwira, magoti yako ndiyo yatakayolipa nauli.

Pale Isongole mtakuta ukungu na akina mama wamepanga viazi kwenye ndoo, karoti, kabichi kubwa kuliko kichwa cha mwanao. Wavalishe masweta kabisa hapo, usingoje wakianza kukohoa. Halafu barabara inateremka na kila kitu kinabadilika: migomba inaanza, hewa inalainika, masweta yanavuliwa. Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa naipenda kwenye route nzima. Abiria waliokuwa wamenuna tangu Uyole wanaanza kuongea.

Mnashuka kituo cha KK pale Kiwira. Mnatafuta bajaji ya kwenda na kurudi Daraja la Mungu, njia ya kuelekea Chuo cha Magereza. Patana bei kabla hujapandisha mtoto, na patana na muda wa kusubiri. Daraja lenyewe ni jiwe la volkano, lava iliyoganda, na Mto Kiwira unapita chini yake. Hakuna fundi aliyemwaga zege pale. Mwambie wa darasa la pili aangalie kama ataona nondo. Nusu saa inawatosha.

Mbele kuna Kijungu, mto unaingia kwenye shimo la mwamba unachemka kisha unapotea chini. Watu watakusifia. Wewe na huyo wa mwaka na nusu msiende. Mwamba unateleza na maji yale hayamrudishi mtu. Na maeneo hayo ni ya Magereza, kwa hiyo kamera ulizieni kwanza.

Mnarudi KK, mnakula mlichobeba, mnanunua ndizi na parachichi za wiki nzima kwa bei ambayo soko la Mwanjelwa hamtaiona. Saa nane muwe ndani ya gari. Jioni magari yanayotoka Kyela yanafika Kiwira yamejaa, mtasimama.

Mnyiha_wa_Mlowo

Suka, mzee wangu, heshima yako, lakini unamvutia abiria kwenye barabara yako.

Dada yuko Nzovwe. Kwa nini avuke mji mzima mpaka Nane Nane na watoto watatu, wakati magari ya Tunduma yanapita mlangoni kwake? Aje huku Mbozi, akione Kimondo.

Nieleze vizuri, maana wengi wamezaliwa Mbeya na Kimondo wanakijua kwenye kalenda tu. Kipo kijiji cha Ndolezi, kama kilometa 65 kutoka Mbeya mjini. Ni kipande cha chuma kilichotoka angani. Urefu kama mita tatu, uzito unakadiriwa tani 16. Asilimia 90 ni chuma, nyingine karibu yote ni nikeli. Wazee wetu walikijua tangu zamani, watu wa nje wamekuja kukijua mwaka 1930. Shimo la kuangukia halipo, wala hadithi ya babu aliyekiona kikidondoka haipo. Maana yake kilianguka zamani mno, shimo likafukiwa na mvua kabla hajatokea wa kusimulia.

Kinachowafaa watoto ni kwamba hakuna kupanda wala kushuka. Mnafika, mnashuka, kipo mbele yenu, na hakina kioo wala kamba ya kukuzuia kama makumbusho ya mjini. Ukiweka kiganja asubuhi ni cha baridi kama sufuria lililolala nje. Juu kina vishimovishimo ambavyo kidole cha mtoto kinaingia. Ncha moja pamekatwa, wataalamu walichukua kipande wakapime, na inasemekana msumeno ulihangaika saa nyingi kupata sentimita chache tu. Halafu mwambie wa darasa la pili ainame aangalie chini yake. Kilikuwa kimezama ardhini. Walichimba udongo pande zote, ule wa chini yake wakauacha, wakauimarisha kwa saruji, ndiyo maana leo kimekaa juu ya kiguzo. Wanangu hilo la kiguzo waliliuliza njia nzima kurudi.

Siku hizi panasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, kuna kituo cha taarifa na mtu wa kuwaelezea. Njoo na kitambulisho cha taifa ulipe kama mwananchi, siyo kama mgeni. Na hela iwe kwenye simu, maana malipo ya serikali ni kontroli namba.

Cha ziada ambacho Suka hana: huu ni msimu wa kahawa. Kuanzia Mlowo mpaka ndani huko mtaona watu wanachuma buni nyekundu, na kahawa imeanikwa kwenye vichanja. Ukisimama ukasalimia vizuri, hakuna Mnyiha atakayekunyima mtoto aonje buni moja. Tamu kidogo, kokwa wateme.

Fundi_Simu_Kabwe

Samahani naingilia. Hicho kimondo si kina mionzi? Mtoto akishika haidhuru?

Mnyiha_wa_Mlowo

Ni chuma na nikeli mkuu. Mfukoni una funguo? Basi umeshashika. Vimondo havina mionzi ya kudhuru kuliko jiwe lolote la hapo nje kwako.

Suka_Mstaafu

Mnyiha mdogo wangu, Kimondo sikipingi, nimekipeleka wageni. Ila sema na ubaya wake. Kutoka barabara kuu mpaka Ndolezi ni vumbi, kilometa zaidi ya kumi. Bila gari lako utapanda nini? Bodaboda. Baba, mama na watoto watatu, ni boda ngapi hizo? Watakwambia mmoja abebe mama na watoto wawili, mshikaki. Mimi nimeona barabarani mishikaki ilivyoishia, sitaki kuieleza hapa.

Pili foleni. Malori ya Tunduma, juu yake na ule ujenzi wa njia nne wa Nsalaga–Ifisi. Likilala lori moja mlimani, umekaa saa mbili na mtoto anataka kujisaidia.

Mnyiha_wa_Mlowo

La bodaboda nakubali. Bajaji zipo Mlowo, ila kwa vumbi lile na mtoto mdogo si raha. Ushauri wangu ni gari. Dada, huna jirani mwenye Noah? Familia mbili mkichangia mafuta mnafika bila kubebana mgongoni.

Ticha_Uyole

Nafundisha chekechea, nimewapeleka wengi nje, nina maneno mawili tu.

La kwanza, mama usisahau maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Viwanja vya John Mwakangale, daladala moja tu kwako. Ng'ombe wa maziwa, sungura, samaki kwenye mabwawa, mahindi ya mfano, na wengi wanawaacha watoto washike. Shule zitakuwa zimeshafunguliwa, lakini maonyesho yanaanza Agosti mosi na wikiendi imo humo ndani. Siku ya kilele tarehe 8 usiende na mtoto wa mwaka na nusu, mtakanyagwa. Nenda siku za mwanzo asubuhi, na namba ya simu ya baba waandike watoto mkononi kwa kalamu ya wino. Kila mwaka kuna anayetangazwa kwenye spika, "mtoto amevaa shati la bluu anajiita Junia".

La pili, popote mtakapokwenda, kitu kimoja kwa siku. Watu wanataka Daraja la Mungu, wapitie maporomoko ya Kaporogwe, wamalizie Ziwa Masoko. Mtoto akishachoka hata umwonyeshe simba anakuuliza "tunarudi saa ngapi". Na choo kiulizwe kabla ya kitu kingine chochote. Mimi natembea na kopo la mtoto ndani ya mfuko mweusi, limeniokoa mara nyingi.

Mzee_Iyunga

Matema mmeisahau? Mchanga, maji ya Ziwa Nyasa, vyungu vya Wakisi, samaki wa kuchoma.

BintiMwakyusa

Matema kwa siku moja na watoto, kutoka Nzovwe, kwa gari la abiria? Mzee wangu utafika unaangalia saa ya kurudi. Ile ni ya kulala. Na kulala na elfu sitini, watu watano, hapana.

MamaWatatu_Nzovwe

Ndaga fijo nyote. Nimesoma kila neno, na nikampa simu baba watoto asome mwenyewe.

Nilikuwa nimeshaamua la Suka. Shikamoo mzee wangu, nilichelewa kukuamkia. Ile habari ya masweta kuvuliwa ilinivuta kweli. Ila fundi wangu alipofika kwenye "tani 16 za chuma" uzi ukaishia hapo. Kanyanyuka, kaanza kuniuliza wamekikata na msumeno gani, meno mangapi, kwa nini hawakutumia gesi. Mtu ambaye siku zote Jumapili lazima umbembeleze atoke kitandani! Wa darasa la pili akadakia, "chuma cha angani, hakuna darasani aliyekiona". Nikajua nimeshapigiwa kura.

Jirani yetu ana Noah, naye ana mke na mtoto mmoja wa miaka mitano. Nimeongea na mkewe kwanza, ndiyo njia fupi. Wamekubali. Mafuta tumekadiria elfu hamsini kwenda na kurudi kwa kuzungukazunguka, nusu kwa nusu. Kwangu inabaki thelathini na tano ya kiingilio, soda na dharura. Chakula ni chapati, mayai ya kuchemsha na wali wa nazi kwenye hotpoti, chai ya rangi kwenye chupa kubwa. Daraja la Mungu nimeliweka Desemba, Mungu akipenda.

Maswali yamebaki mawili. Noah iko chini, je barabara ya vumbi inaipokea? Na tukishafika, kuna kivuli cha kukaa kula, au tutafute njiani?

Mnyiha_wa_Mlowo

Wadogo zangu wanapita na Noah kila siku, mwezi huu ni ukavu. Shida ni vumbi tu, fungeni vioo, na wewe mwenye mtoto mdogo chukua kitenge cha ziada. Dereva asifuate lori kwa nyuma, atulie lipotelee mbele ndipo aendelee. Mkishavuka Mto Songwe anzeni kuangalia kibao upande wa kushoto, Kimondo. Mkijikuta Vwawa, mmeshapitiliza.

Kula, subirini mfike. Eneo ni wazi, miti ipo, watunzaji hawana neno mkiomba vizuri. Maganda ya mayai mrudi nayo.

Muambie na fundi wako asije na msumeno.

Suka_Mstaafu

Mama, mimi sina kinyongo. Ila tokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siyo saa mbili. Mapema hiyo malori mengi bado yamelala Mbalizi na Songwe, barabara ni yenu. Kurudi, mkikuta foleni imeshikana, jirani asijaribu kupita upande wa kulia kama vijana wanavyofanya. Ajipange nyuma, mfungue ile chupa ya chai. Jumamosi jioni niulize hapa, nina wenzangu bado wako njia ya Tunduma, watanipa hali ilivyo.